Mwongozo kamili: Jinsi ya kupima uhakika wa umeme kwenye gridi ndogo iliyo nje ya gridi ya taifa

Vipimo vingi vya gridi ndogo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza: kinasa data huchomekwa kwenye umeme uleule kinachotakiwa kuupima. Umeme ukizimika, nacho kinazima, na pengo linalobaki kwenye faili kila mtu hulisoma anavyopenda. Ya pili: kipimo hufungwa kwenye kituo cha mtambo, ambako umeme haukosekani, huku nyumba za mwisho wa laini zikiwa gizani tangu jana.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja: kipimo kikae kwa mteja wa mwisho, na kiendelee kuandika umeme unapokuwa haupo. Mifano yote ni ya mfumo wa 230 V, 50 Hz.

## Vifaa vya kuandaa

- Vinasa volteji viwili kwa kila laini. Kama laini ni ya fezi tatu, viwili kwa kila fezi. Ongeza kimoja cha kituo cha mtambo na kimoja cha akiba. Gridi yenye laini tatu za fezi moja inahitaji vinasa 8.
- Multimita inayosoma RMS halisi (thamani ya kweli ya volteji hata wimbi likiwa na umbo gani), ya daraja la usalama la CAT III. Multimita ya bei rahisi hukisia kwa kudhani wimbi ni nyororo (la sine). Kwenye inveta ya wimbi la ngazi itakudanganya.
- Ekstensheni yenye swichi na matundu ya kutosha vinasa vyote.
- Orodha ya wateja inayoonyesha laini na fezi ya kila mmoja.
- Daftari la mtambo lenye kurasa zilizopigwa namba.
- Kompyuta yenye programu ya majedwali.

Kila kinasa kiwe na mambo matatu: betri yake, saa ya ndani yenye betri ya kitufe, na kadi ya kumbukumbu. Usinunue kinachotegemea intaneti peke yake, kwa sababu mnara wa simu mara nyingi huzimika saa ileile umeme unapokatika.

Ukubwa wa betri ni hesabu ya mara moja. Kinasa kinachotumia 20 mA, kikitakiwa kuishi saa 72 bila umeme, kinahitaji 1,440 mAh. Weka 2,000 mAh, maana betri huchoka. Ukitengeneza kinasa mwenyewe, kumbuka kwamba ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) ikiwasha Wi-Fi muda wote hula mara kadhaa ya kiasi hicho. Iamshe kila dakika, isome, iandike, ilale.

Kwa upande wa saa, chipu ya DS3231 hupotea kama dakika moja kwa mwaka. Saa ya kawaida isiyojirekebisha kwa joto inaweza kupotea dakika hiyo kwa mwezi mmoja, na zaidi ikiwa imefungwa chini ya bati.

## Hatua ya 1: Andika maana za maneno kabla ya kugusa chombo

Watu wawili wakipima gridi moja bila kukubaliana maana, watapata majibu mawili na wote watakuwa sahihi. Andika haya kwenye ukurasa mmoja, na mwendeshaji wa mtambo aukubali.

Saa zilizoahidiwa. Kama wateja wameahidiwa umeme saa 24, mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Kama wameahidiwa saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, una dakika 9,000 tu. Mchana usioahidiwa hauhesabiwi kuwa katizo.

Hakuna umeme. Tumia chini ya 100 V. Usisubiri sifuri: waya uliokatika lakini unaopita sambamba na waya ulio hai huokota volteji ya mzuka, na kinasa kinaweza kusoma 30 V au 60 V mahali ambapo hata taa haiwaki.

Katizo refu na katizo fupi. Kiwango cha wahandisi wa umeme cha IEEE 1366 huhesabu katizo kuwa refu likizidi dakika 5. Fuata mpaka huo ili namba zako zilinganishwe na za wengine. Mafupi yaorodheshwe peke yake na yasitupwe, kwa sababu ndiyo yanayozima kompyuta na kumsumbua mwenye mashine ya kusaga.

Umeme upo lakini haufai. Chini ya 207 V au juu ya 253 V, yaani zaidi ya asilimia 10 kutoka 230 V.

Kisichokuwa katizo. Mteja aliyeishiwa salio, na mteja aliyezidisha mzigo mita yake ikamkata, hao wana orodha yao. Ni taarifa nzuri kuhusu bei na viwango vya huduma, lakini si hitilafu ya mfumo.

Umefanikiwa ikiwa mtu mwingine anaweza kusoma ukurasa huo na kuamua mwenyewe kama tukio fulani linahesabiwa, bila kukupigia simu.

## Hatua ya 2: Jua nani yuko kwenye waya upi

Tembea laini kwa mguu. Orodha ya ofisini huwa na wateja waliohama, nyumba zilizounganishwa kupitia kwa jirani, na fezi zilizobadilishwa na fundi usiku wa mvua bila kuandikwa popote.

Hesabu wateja wa kila laini na kila fezi. Fezi moja ikipotea, waliokosa umeme ni wale wa fezi hiyo tu. Ukiwahesabu wote, katizo linakua mara tatu kwenye karatasi.

Idadi hii hubadilika. Iandike upya kila mwanzo wa mwezi.

## Hatua ya 3: Jaribu vinasa vyote mezani

Hatua hii ndiyo hurukwa sana, na ndiyo pekee isiyoweza kufanyika baadaye bila kupoteza data.

1. Weka saa za vinasa vyote kwa wakati mmoja, wa mahali mlipo. Vingi hutoka kiwandani vikiwa kwenye saa ya UTC (saa ya kimataifa).
2. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Viache kwa muda wa saa 2.
3. Zima swichi kwa dakika 10 kamili. Washa. Subiri dakika 20. Zima kwa dakika 2. Washa.
4. Pima volteji ya ekstensheni kwa multimita mara tatu, ukiandika saa.
5. Toa kadi, fungua faili.

Kinasa kizuri kina mstari kila dakika, ikiwemo ile dakika 10 ya giza. Mwanzo wa katizo haupishani na wenzake kwa zaidi ya dakika moja, na volteji haipishani na multimita kwa zaidi ya 3 V.

Kama mistari ya dakika 10 haipo kabisa, betri ya ndani haifanyi kazi. Usikipeleke kwa mteja. Kama faili imeharibika baada ya kuzima, programu yake inaacha faili wazi. Inapaswa kuifunga kila baada ya kuandika.

Kisha chomoa vyote na uviache viendeshwe na betri zao kwa saa 72. Vitakavyozima kabla ya hapo vibadilishwe betri.

## Hatua ya 4: Vifunge kwa mashahidi wawili

Kinasa kimoja nyumbani kwa mtu hakitoshi. Mtoto atakichomoa achaji simu, breka ya nyumba itaruka, salio litaisha, na kila mara faili itasema umeme umekatika.

Kwa hiyo kila laini, au kila fezi, iwe na nyumba mbili zilizo karibu na mwisho wake, zisizotumia mita moja. Vyote viwili vikipoteza umeme ndani ya dakika moja, hilo ni katizo la laini. Kimoja kikipoteza peke yake, ni jambo la nyumba hiyo hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kwa nini mwisho wa laini? Kwa sababu kila kiungo legelege, kila nguzo iliyoinama na kila mita ya waya iko kati ya mtambo na hapo. Mwisho ukiwa na umeme, njia nzima kwa kawaida inao, isipokuwa matawi. Tawi lenye wateja wengi lipewe jozi yake.

Chagua soketi ambayo haina swichi, au swichi yake ifunikwe kwa utepe. Kinasa kiwe juu, mbali na jiko na maji. Mweleze mwenye nyumba kinafanya nini, na umpe fidia ya umeme kinachotumia, hata kama ni kidogo. Kinasa kisichoelezwa huhamishwa.

Tahadhari. Usifungue sanduku la nguzo wala kugusa upande wa kabla ya mita ukiwa huna sifa ya kazi hiyo. Ikibidi kinasa kifungwe huko, fundi mwenye idhini azime laini, ahakikishe kwa multimita kuwa imezima, kisha aweke fyuzi kabla ya kinasa.

Kinasa cha kituo cha mtambo kifungwe upande wa kutoka wa inveta au jenereta, kabla ya breka za laini. Kazi yake ni moja: kukuambia kama shida ni ya mtambo au ya waya.

## Hatua ya 5: Daftari la mtambo, na mtego wa saa

Vinasa hukuambia lini. Daftari hukuambia kwa nini. Kila tukio liwe na mstari: tarehe, laini, saa ya kukatika, saa ya kurudi, herufi ya sababu, jina la zamu.

Herufi ziwe chache: U kwa uzalishaji, B kwa betri na inveta, L kwa laini, M kwa mzigo kupita kiasi, P kwa matengenezo yaliyopangwa, X kwa isiyojulikana. Mwezi ambao X inazidi tukio moja kati ya matano, daftari halijazwi wakati wa tukio. Linajazwa Ijumaa kwa kukumbuka.

Sasa saa. Mwendeshaji ataandika "saa 2 usiku", kinasa kitaandika 20:00. Hilo linaeleweka. Lakini ataandika pia "2:15" bila kusema usiku wala mchana, na aliye kwenye kompyuta ataingiza 02:15 kama ilivyo. Tukio linahama saa 6 kama lilikuwa la mchana au 18 kama lilikuwa la usiku, wakati mwingine hadi siku nyingine, na halitalingana na kinasa chochote. Bandika ndani ya jalada jedwali la ubadilishaji, au weka saa ya ukutani ya tarakimu za saa 24 na uamuru isomwe hiyo tu. Hii ya pili hufanya kazi vizuri zaidi.

## Hatua ya 6: Kusanya na kusafisha

Soma kadi kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Kila dakika ya kila laini ipewe hali moja kati ya tatu: *upo*, *umekatika*, *haijulikani*.

Hali ya tatu ndiyo inayotenganisha kipimo na ubashiri. Mstari wenye 0 V ni katizo. Mstari usiokuwepo si katizo, wala si umeme, ni kutojua. Programu za majedwali hupenda kugeuza nafasi tupu kuwa sifuri zinapokokotoa, kwa hiyo andika neno "haijulikani" badala ya kuacha wazi.

Dakika zisizojulikana zikiwa chini ya asilimia 5 ya mwezi, ziondoe kwenye hesabu na useme hivyo. Zikizidi, toa namba mbili: moja ukidhani zote zilikuwa na umeme, nyingine ukidhani zote zilikuwa giza. Kama namba hizo zimeachana sana, huna kipimo cha mwezi huo.

Kila wiki pia uliza nyumba tano zisizo na kinasa: siku saba hizi umeme umekatika mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Usiulize kuhusu mwezi mzima. Watu hukumbuka giza la msibani au la mechi, mengine husahaulika. Wakitaja katizo ambalo vinasa havikuona, kuna tawi usilolipima.

## Hatua ya 7: Kokotoa

Vipimo vitatu vinatosha kuanzia:

- SAIDI, wastani wa dakika za giza kwa kila mteja: jumla ya (wateja waliokatikiwa × dakika), gawanya kwa wateja wote.
- SAIFI, wastani wa mara ambazo kila mteja alikatikiwa: jumla ya wateja waliokatikiwa katika matukio yote, gawanya kwa wateja wote.
- CAIDI: SAIDI gawanya kwa SAIFI, yaani mkatikiwa mmoja alisubiri muda gani kwa wastani.

Chukua gridi yenye wateja 120: laini A ina 50, B ina 40, C ina 30. Huduma ni ya saa 24. Ndani ya siku 30 yalitokea haya:

1. Breka ya laini B iliruka mchana, dakika 180.
2. Inveta ilizima kwa betri kushuka, laini zote, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 6 usiku, dakika 330.
3. Kiungo cha laini C kiliungua asubuhi, dakika 80.
4. Mtambo mzima ulizima dakika 3.
5. Matengenezo yaliyopangwa mchana, laini zote, dakika 120.

Tukio la 4 ni fupi, linakwenda kwenye orodha yake. Yasiyopangwa: 40 × 180 = 7,200; 120 × 330 = 39,600; 30 × 80 = 2,400. Jumla 49,200. SAIDI ni 49,200 ÷ 120 = dakika 410. SAIFI ni (40 + 120 + 30) ÷ 120 = 1.58. CAIDI ni kama dakika 259.

Matengenezo yanaongeza dakika 120, jumla 530. Upatikanaji wa umeme ni 1 − 530 ÷ 43,200, yaani asilimia 98.8. Namba ya kupendeza, na ndiyo itakayowekwa kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti.

Isikupendeze haraka. Vunja kwa laini, bila matengenezo: A walikosa dakika 330, B 510, C 410. Kisha vunja kwa saa. Saa 12 jioni hadi saa 4 usiku ndiyo wakati watu wanapohitaji umeme zaidi. Kwa siku 30 ni saa 120. Tukio la 2 peke yake lilichukua saa 3 na nusu hapo. Upatikanaji wa jioni unashuka hadi asilimia 97.1. Betri zinazokata jioni ni tatizo la aina nyingine kabisa na breka iliyoruka mchana, na wastani wa mwezi hauwezi kukuonyesha hilo.

Kosa la kawaida: umeme ukirudishwa laini moja baada ya nyingine, watu hutumia saa ya laini ya mwisho kwa wote. Kila laini ina saa yake ya kurudi. Itumie.

## Hatua ya 8: Soma volteji na masafa

Kila dakika kinasa kiandike wastani, cha chini na cha juu. Wastani pekee huficha mporomoko wa sekunde chache pampu inapowaka.

Hesabu saa ambazo mwisho wa laini ulikuwa nje ya 207–253 V. Kituoni 230 V na mwisho wa laini 196 V kila jioni maana yake friji na pampu zinateseka, ingawa SAIDI ni sifuri. Kama volteji inapungua polepole kadiri unavyosogea, waya ni mwembamba au mrefu kupita mzigo wake. Kama inaanguka ghafla kati ya nguzo mbili, tafuta kiungo.

Tahadhari kubwa. Kwenye laini ya fezi tatu, kinasa kimoja kikipanda hadi 280 V dakika ileile ambayo cha fezi nyingine kinashuka hadi 150 V, shuku nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyolegea au kukatika. Piga simu laini izimwe mara moja. Volteji inaweza kuendelea kupanda kuelekea 400 V na kuunguza kila kilichochomekwa.

Masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde (Hz), yasikutishe bure. Inveta nyingi za betri hupandisha masafa makusudi betri zikijaa, ili inveta za paneli zipunguze uzalishaji. Kiwango cha Ulaya cha EN 50160 kwa mifumo isiyounganishwa na gridi kubwa kinaruhusu 49–51 Hz kwa asilimia 95 ya wiki, na 42.5–57.5 Hz kwa wiki nzima. Hii ndiyo sababu pia saa ya kinasa isihesabu mapigo ya umeme wenyewe.

## Kama ni sola ya nyumba moja moja

SAIDI haina maana pale kila nyumba ina mtambo wake. Pima siku ambazo mfumo ulizima kabla ya saa iliyoahidiwa, gawanya kwa siku zote za kipimo.

Kinasa kifungwe kwenye vituo vya mzigo vya kidhibiti chaji. Ukikifunga kwenye betri, kidhibiti kikishakata mzigo bado utasoma volti 11 na ushee, ukadhani taa zinawaka. Na kifungwe kabla ya swichi ya taa, la sivyo kila anayezima taa alale atahesabiwa kuwa amekatikiwa.

## Hatua ya 9: Linganisha na uripoti

Kwa ulinganisho, mfumo wa ngazi wa Benki ya Dunia wa 2015 unasaidia kwa sababu unaipima jioni kando na siku nzima. Ngazi ya 3 inataka angalau saa 8 kwa siku, 3 kati ya hizo jioni. Ya 4 saa 16, na 4 jioni. Ya 5 saa 23, na 4 jioni. Ngazi ya 4 inaruhusu makatizo yasiyozidi 14 kwa wiki. Ya 5 yasizidi 3 na jumla yake iwe chini ya saa 2.

Usilinganishe gridi ya saa 5 na ya saa 24 kwa SAIDI tupu. Ya saa 5 kwa kawaida itashinda, kwa kuwa haiwezi kukatika wakati ambao haijaahidi kuwaka. Andika saa zilizoahidiwa kando ya kila namba.

Wiki nne zinatosha kujua kama vifaa vinafanya kazi. Kusema gridi ina uhakika kiasi gani kunahitaji miezi 12, kwa sababu mawingu hupunguza sola, ukame hupunguza maji ya mitambo ya maporomoko, na upepo wa msimu huangusha matawi kwenye waya.

Kila miezi 6 rudisha vinasa mezani, urudie Hatua ya 3. Kinachopishana na multimita kwa zaidi ya 3 V, au kilichopoteza zaidi ya dakika 2, rekebisha. Na data yake yote tangu jaribio lililopita iwekewe alama kwenye jedwali.